Tuliomuuguza Bila Kusemezana

Mke wangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakisia mahali unaposomea maneno haya: kwenye benchi, faili la mtu wako likiwa mapajani, yeye akiwa nyuma ya mlango fulani, na huna nguvu za kungoja hadi mwisho ujue kama ninakupeleka makaburini. Sikupeleki. Mwende amefungua duka lake la kushona sare hapa Migwani asubuhi hii, na ameniachia maagizo kuhusu maharagwe yaliyo jikoni.

Zaidi ya hapo sina uhakika na mambo mengi. Nimesoma chuo kikuu, tena mara mbili, na riziki yangu inatokana na kuandika makala za kuwaeleza watu walivyoyakosea maisha yao. Zamu yangu ilipofika, niligundua kwamba sijui hata kumshika mgonjwa mkono bila kubonyeza mahali palipochomwa sindano.

Uvimbe aliugundua mwenyewe, mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limeingia hadi kwenye mashuka. Mimi nilikuwa natafuta miwani.

"Baba Mumbua, kuna kitu hapa."

"Wapi? Mezani?"

Alichukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto, upande wa kwapani, na chini ya vidole vyangu pakawa na kitu kigumu kama kokwa la zambarau. Nakumbuka nilichosema, ingawa ningependa kusahau. Nilisema, "Pengine ni msuli umeteguka."

Vipimo sitavieleza, maana sikuvielewa. Kwangu mimi miezi ile ni mabenchi. Kulikuwa na benchi la Mwingi, dirishani, malori ya mifugo yakipita barabara ya Garissa na mbuzi wakitutazama kama vile sisi ndio tuliopakiwa. Kisha benchi la Kitui mjini, tulipopewa majibu. Daktari alizungumza kwa upole na kwa muda mrefu, nami nikaandika kila neno kwenye daftari. Tulipotoka nje Mwende akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamsomea kurasa tatu.

"Nimeuliza amesema nini."

"Amesema ni saratani."

"Hiyo nilisikia. Amesema nitapona?"

Nikapekua daftari mbele, nikapekua nyuma. Halikuwa na jibu hilo. Mwende akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja kuchukua sare asizoleta kushonwa, kisha akasema twende tukanywe chai.

Septemba walimkata titi. Siku ya kwanza ya kubadilisha bandeji nyumbani, alisimama chumbani kwetu akafungua vifungo.

"Tazama."

"Natazama."

"Unatazama dirisha, Baba Mumbua."

Nikatazama. Ulikuwa mstari mrefu, umekunjana mwishoni kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, kichwa kimeinama upande, kwa jicho la fundi. "Hata mimi ningeshona afadhali," akasema, na tukacheka, na katikati ya kicheko mmoja wetu akaanza kulia. Sikumbuki vizuri alikuwa nani. Nadhani nilikuwa mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta kitambaa.

Oktoba, watu wakiwa mashambani wanangoja mvua ya vuli, alikuja mama yake kutoka Makueni, siku chache kabla ya kemo ya kwanza, ile dawa ya saratani inayopitia mshipani. Hakuna aliyemwita. Mama haitwi kwa jambo kama hilo. Alishuka na gunia la viazi vitamu na kuku mmoja aliyekuwa hai, akasimama langoni, na mimi, mwenye nyumba, msomi, baba wa mtoto aliye chuoni, nikaingia nyuma ya choo na kukaa huko hadi nikasikia amefika jikoni.

Inabidi nieleze. Sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni. Kiswahili kingesema haya, au staha, lakini maneno hayo ni mepesi mno. Nthoni ni ukuta kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hamkutani njiani, mmoja hujitia vichakani. Hamli pamoja. Hamlali chini ya paa moja, na chumba unacholala na binti yake hawezi kukikanyaga. Si uadui. Ni heshima iliyozidi hadi ikakosa pa kukaa. Katika miaka ishirini na mmoja ya ndoa yetu, mama mkwe wangu na mimi tulikuwa tumesalimiana mara chache, kwa mbali, kila mtu akitazama mti wake.

Utaniuliza kama watu bado wanafuata mambo hayo siku hizi. Wengi hawafuati. Yeye mwenyewe ameokoka zamani, ni mwimbaji wa kwaya, na angekuambia kwamba mila zimepitwa na Injili. Mimi nimewahi kuandika makala mbili za kuzikejeli. Lakini wokovu wake haukufika miguuni, na usomi wangu haukufika pia. Tukionana, miguu ilituamulia.

Basi tukapanga nyumba upya. Mama alilala jikoni, kile chumba cha nje. Kitanda cha Mwende tukakihamishia sebuleni, kwa sababu mama asingeweza kuingia chumbani kwetu. Sebule ikawa wodi yenye zamu mbili. Nikitaka kuingia, nakohoa mlangoni, na yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Akitaka kuingia, anagonganisha sufuria, na mimi natafuta kofia. Tulikuwa kama walinzi wa usiku na wa mchana wanaoachiana tochi mahali bila kujuana sura.

Na ujumbe? Ujumbe ulipitia kwa mgonjwa.

"Mwende," mama anasema kutoka dirishani, "hebu muulize baba Mumbua kama amekupatia ile dawa ya kutapika."

Mimi niko nyuma ya pazia la korido, hatua nne, nasikia kila kitu.

"Mama anauliza kama umenipatia dawa."

"Mwambie nimekupatia."

"Amesema amenipatia."

"Moja ama mbili?"

"Ati moja ama mbili?"

Na huyu mpeleka habari ana beseni mapajani, macho ameyafumba.

Kemo ya kwanza ilikuja na mvua. Ya pili iliondoka na nywele. Mama alimnyoa zilizobaki, akazizika mahali ambapo hajawahi kuniambia. Ulimi wa Mwende ukawa unaonja chuma katika kila kitu. Mama alimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa sababu ndio uliomlea. Mimi nilimpikia mayai, kwa sababu karatasi ya hospitali ilisema protini. Mwende alikula muthokoi ili mama asihuzunike, akala mayai ili nisihuzunike, kisha akatapika vyote kwa pamoja, kwa niaba yetu sote. Sisi wawili, kila mmoja katika kona yake, tulijipongeza kwamba amekula.

Mumbua, binti yetu, alikuwa chuoni Eldoret. Alikuwa anatupigia simu kila Jumapili.

"Dadi, niambie ukweli. Nikikuuliza wewe, Mama anaendelea vizuri. Nikimuuliza Susu, Mama anaendelea na Mungu. Nikimuuliza Mama mwenyewe, ananiuliza kama nimekula. Mko na wagonjwa watatu hapo ama ni mmoja?"

"Ni mmoja," nikasema.

"Basi ongeeni!"

Susu ni nyanya kwa Kikamba, na mtoto anaweza kumwambia susu yake lolote. Nilimwonea wivu binti yangu.

Kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kila kemo, sista alirudia onyo lilelile: joto la mwili likipanda, msingoje hata kidogo, mje. Nilinunua kipimajoto nikakibeba kwenye mfuko wa shati, kama kalamu. Nilijiona nimejiandaa.

Siku ya tisa baada ya kemo ya tatu ilikuwa Jumamosi. Saa nne asubuhi nilirudi kutoka sokoni, nikakohoa mlangoni. Kimya. Nilijua mama yumo, maana kandambili zake zilikuwa kwenye ngazi. Nikakohoa tena. Nikajiambia: anamwogesha. Humharakishi mama mkwe wako anapomwogesha binti yake. Hata kulifikiria jambo hilo ni kukosa adabu. Nikageuza mtungi mtupu wa maji, nikaukalia kwenye kona ambapo milango yote miwili inaonekana, nikafungua gazeti. Nilisoma siasa. Nilisoma michezo. Nilisoma zabuni za kujenga vyoo katika kaunti ambazo sitawahi kufika. Kivuli cha nyumba kikanitoka miguuni.

Saa tano na nusu nikasikia sauti ya Mwende, nyembamba kama ya mtoto.

"Nyinyi watu, mko wapi? Mimi naungua."

Nikasukuma mlango. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, upande wa ndani, mikono kifuani. Akageukia ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nikageukia ukuta mwingine. Mwende alikuwa kitandani katikati yetu, midomo imepauka, meno yakigongana chini ya blanketi tatu. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa na nusu.

Alilazwa siku tano. Daktari alisema, "Mngechelewa zaidi..." na hakumalizia, na sikumwomba amalizie. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama maji yakidondoka tone kwa tone, nikijaribu kuelewa nilichokuwa nimefanya. Sikuwa nimefanya kitu. Hilo ndilo nilikuwa nimefanya. Nilikaa juu ya mtungi kwa saa moja na nusu kwa sababu ya heshima, na kipimajoto mfukoni.

Tuliporudi nyumbani, ndengu zilikuwa zimeanza kukauka mashambani. Kemo ya nne ilisogezwa mbele ili apate nguvu, ikapangwa Alhamisi. Mwende akasema haendi.

Hakulia, hakugomba. "Siendi," tu, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Nilidhani ni sindano, kwa kuwa mishipa yake ilikuwa imekwisha kujificha. Mama, kwa habari zilizonifikia kupitia mgonjwa, alidhani ni nywele. Mchungaji alikuja akakemea roho ya hofu. Mwende akaitikia amina, akamshukuru, akamwandalia soda, na akabaki haendi. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba kuacha katikati ni kama kuuachia ugonjwa mlango wazi. Nikaleta faili langu, lenye vichwa vya habari nilivyopigia mstari, nikaanza kumsomea.

"Baba Mumbua," akasema, "wewe unaniuguza ama unaniandikia tasnifu?"

Nikafunga faili. Siku tatu zilibaki, kisha mbili. Sikujua la kufanya, na sitajifanya hapa kwamba nilijua.

Jumatano mchana alituita wote wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mimi nilikuwa koridoni, nyuma ya pazia. Mama alikuwa nje, dirishani.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Baba Mumbua?"

"Niko."

"Mimi sikatai dawa. Dawa inaniumiza lakini inajua kazi yake. Nyinyi ndio mnanichosha. Nimekuwa askari wa trafiki kwa nyumba yangu. Huyu apite, yule asimame. Ile siku nilikuwa naungua nikawahesabu: mmoja nje, mmoja ndani, na mlango hata komeo haina. Ningekufa, na ningekufa kwa adabu."

Kuku alikuwa anaparura mahali fulani.

"Kwa hivyo?" nikauliza.

"Kwa hivyo kesho mnakuja wote wawili hospitali. Na huko hakuna kichaka. Nisipowasikia mkisemezana kwa masikio yangu, mimi na kemo tumeachana."

Kutoka dirishani sauti ya mama ikasema, taratibu, "Mwende, hebu mwambie baba Mumbua..."

"Mama!"

Kama wewe si Mkamba, usinicheke haraka. Nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha kujua kwamba kila nyumba yenye mgonjwa ina adabu yake inayoua. Nilimwona kijana aliyemleta mama yake kliniki na hakuweza kumuuliza ni titi lipi. Niliwaona dada wawili, kila mmoja akimpikia mgonjwa kwa siri. Mgonjwa ndiye hubeba yote hayo, juu ya ugonjwa. Ukiniuliza ushauri, nina mmoja tu, na nimeupata kwa aibu: chunguza kama mtu wako anakuuguza wewe.

Alhamisi tulikodi gari la jirani. Mama alikaa mbele, na kutoka Migwani hadi Kitui shingo yake haikugeuka hata mara moja. Nilikuwa naifahamu sana ile leso yake kwa nyuma.

Pale kliniki kuna benchi refu, na watu hukaa kwa foleni: mgonjwa akiitwa, yeye na mtu wake wanaondoka, na waliobaki wanasogea. Mwende, kwa kuwa miguu ilikuwa dhaifu, alipewa kiti karibu na mlango. Mimi nilikaa mwisho wa benchi upande huu na mama akakaa upande ule, watu saba katikati yetu. Nikapumua. Lakini benchi lina njia zake. Wakaitwa wawili, tukasogea. Wakaitwa wawili wengine. Mama akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma yake, "Pita tu, mwanangu, mimi sina haraka." Nami nikampisha mtu upande wangu. Tulikuwa tunanunua ukuta kwa kutoa nafasi zetu. Haikusaidia. Ikafika mahali akabaki katikati yetu mzee mmoja tu mwenye kofia, aliyemleta mke wake kutoka Tseikuru.

"Huyo ni mama yako?" akaninong'oneza.

"Ni mama wa mke wangu."

Mzee akanitazama, akamtazama, akaelewa kila kitu. Akajiweka sawa, akapanua mabega. "Basi wacha nikae hapa hapa. Mimi ndio ukuta."

"Asante, mzee."

Dakika chache baadaye jina la mke wake likaitwa. Akasimama kwa huzuni ya kweli. "Pole, kijana," akasema. "Ukuta umeitwa."

Kikabaki kipande cha mbao tupu kati yangu na mama mkwe wangu. Wageni wakaanza kujaa nyuma yetu, na sista akasema kwa sauti, "Sogeeni, tafadhali, wengine wakae." Tukasogea. Sijawahi kusogea polepole namna ile. Kisha akaita, "Mama Mumbua!"

Mwende akasimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Ingia, mama," sista akasema.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Hao."

Benchi zima likatutazama. Mimi huishi kwa maneno. Nimewahi kuzungumza mbele ya ukumbi uliojaa watu kuhusu mambo nisiyoyajua. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni neno moja.

"Mama."

"Ii," akasema, akiutazama ukuta wa mbele.

"Akitoka hapa... joto ikimpanda..."

"Nikuite."

"Uniite."

Akafikiri. "Hata kama uko chumbani?"

"Hata kama niko chumbani."

"Hata kama unaoga?"

Mtu akacheka mwisho wa benchi. Nilihisi masikio yangu yakichemka.

"Hata kama naoga, mama."

Mwende akatutazama mmoja baada ya mwingine, hakutabasamu, akaingia. Mlango ukafungwa.

Sasa hapakuwa na mtu wa kutulazimisha. Nilidhani tutarudia kimya chetu, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini baada ya muda akasema, kwa sauti ya chini, "Ile Jumamosi ulikuwa umekaa hapo nje."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nangoja utoke, niingie."

"Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nangoja utoke kwa boma, ndio nipate kupita, niende nitafute mtu wa kukuita."

Yeye akafunga fundo la leso yake upya, akalifungua, akalifunga tena. "Mwanangu," akasema, na sikujua kama anamaanisha mimi ama Mwende, na sijui hadi leo.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Sista akatoa kichwa. "Mshipa umepatikana. Mmoja wenu anaweza kuingia akae naye."

Tukasimama wote wawili kwa pamoja. Kisha, kwa heshima, tukaketi wote wawili kwa pamoja. Sista akatutazama kama wendawazimu. Nikamgeukia mama mkwe wangu, naye akawa ameshanigeukia, na nikaona kwamba ana macho ya Mwende, yaleyale, na kope nyepesi zilezile alizokuwa nazo Mwende kabla ya kemo.

"Nenda wewe," akaniambia. "Ukichoka, uniite."